KUCHAGUA EKSELI NZIMA YA MBELE NA SPRINGI ZAKE

Mazungumzo kwa wanachama wa magereji ya Eastlands, Nairobi



Tumeombwa kusema juu ya kazi moja iletwayo katika baadhi ya magereji yetu. Mtu huja na gari ambalo magurudumu yake ya mbele ni huru, yaani kila gurudumu lina mikono yake na springi yake, naye ataka vyote vitolewe na mahali pake itiwe ekseli nzima, chuma kimoja kutoka gurudumu hadi gurudumu kama ya Land Rover, ili gari lake liweze pori. Kazi hii ina fedha nzuri. Lakini pia ni kazi ambayo kosa lake halionekani gereji. Huonekana siku nyingine, katika mteremko, na watu wamo ndani.

Hatukuja kuwafundisha kushika spana. Wako hapa wazee waliofungua ekseli kabla sisi hatujazaliwa. Tumekuja kusema jambo moja, nalo ni hili: ekseli sharti ichaguliwe na makanika, si na mfuko wa mwenye gari wala si na mwuza vyuma, na ichaguliwe yote pamoja, ekseli na springi na usukani na breki, kabla bei haijapatanwa.

Kwanza tuulize kama gari lenyewe lahitaji kazi hii. Ekseli nzima ina faida yake. Gurudumu moja likipanda juu ya jiwe, ekseli yote huinama, na gurudumu la pili husukumwa chini likashika ardhi. Tena difu huinuka pamoja na magurudumu, kwa hiyo nafasi iliyo chini yake haipungui gari linapozama juu ya springi zake. Katika gari la magurudumu huru difu imefungwa kwenye chesesi. Gari likilemewa, difu nayo hushuka. Na zile shafti fupi zikikunjwa sana hali usukani umekatwa, jointi zake huvunjika. Basi mtu wa kubeba mizigo mawe ya Loiyangalani, au wa kuvuta trela shambani mvuani, ana sababu.

Lakini ekseli nzima ni nzito, na uzito huo wote uko chini ya springi. Katika barabara ya vifusi yenye mawimbi kama bati hurukaruka, na dereva huchoka mikono. Ndiyo maana viwanda vingi viliiacha. Mtu ambaye pori lake ni mashimo ya Outering Road, na safari yake ndefu ni kwenda kuona wazazi Krismasi, mwambieni abadilishe bushi na shokabsoba, alipe kidogo, aende zake. Twajua ni vigumu kumrudisha mteja mwenye fedha mkononi. Lakini mteja huyo atarudi mwakani na gari zima, na yule mwingine atarudi na malalamiko.

Tukiona kwamba kazi yafaa, ekseli itatoka wapi? Magari yaliyotumika yanayoingia Kenya hayaruhusiwi kupita umri wa miaka 8, na mengi ya magari yenye ekseli nzima ya mbele ni ya zamani kuliko hapo. Kwa hiyo ekseli nyingi tunazoziona ni za magari yaliyokwisha kutumika humu nchini kisha yakakatwa: Land Rover, nyingine zikiwa zimeunganishwa Thika, Hilux za mfano wa zamani zilizoendelea kutengenezwa mpaka katika miaka ya 1990, Land Cruiser za jamii ya 70, Land Cruiser 80 zilizoanza mwaka 1990, na Nissan Patrol. Maana yake ni kwamba kila ekseli tunayouziwa Kirinyaga Road ina historia, na mwuzaji hatatusimulia.

Basi tuisome wenyewe. Ilazwe juu ya vigingi viwili, ivutwe uzi kutoka mwisho mmoja hadi wa pili, ionekane kama imepinda. Halafu lile tufe la chuma mwishoni, ambalo ndani yake imo jointi ya gololi 6: lipanguswe, litazamwe. Likiwa limeliwa na kutu na lina vishimo, sili mpya itakatika baada ya majuma machache. Grisi iliyo ndani ikiwa imekuwa nyepesi kama uji, basi oili ya difu imepita sili ya ndani. Hiyo si hasara kubwa, ila iingie katika hesabu. Kama ni rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, na gololi zote zitazamwe moja moja. Mwisho, tushike kichwa cha gurudumu juu na chini, tukitikise. Kikicheza, ni beringi za kingipini au za gurudumu, na tujue ni zipi kabla ya kutoa shilingi.

Baada ya afya ya ekseli huja vipimo. Upana ndio unaowadanganya wengi. Mathalani ekseli ya mbele ya Hilux ya zamani ni nyembamba kwa kadiri ya inchi 3 kuliko ekseli ya nyuma ya Hilux na Surf zilizokuja na magurudumu huru. Ukiitia hiyo mbele na kuacha ya nyuma, magurudumu ya mbele na ya nyuma hayatafuata njia moja katika matope. Wengine hutia vipande vya kusukuma gurudumu nje. Vikiwa vya chuma kilichochongwa vizuri na nati zake zikakazwa tena na tena, huenda. Vile vya bati nene lililotobolewa kwa moto tusiviguse. Ekseli ya Land Cruiser 80, kwa upande wake, ni pana sana, karibu sentimita 160 kutoka katikati ya tairi hadi katikati ya tairi, na chini ya gari dogo magurudumu hutoka nje ya matao. Viwanda vyenyewe havikuponyoka hapa: Land Cruiser ya pikapu iliyotiwa springi za koili mbele mwaka 1999 ilipewa, mwaka 2007, ekseli ya mbele iliyo pana kuliko ya nyuma kwa karibu sentimita 9 na nusu, na madereva wa mchanga waliona tofauti hiyo mara moja. Land Cruiser hiyo pia ilikuja na bolti 5 za gurudumu badala ya 6. Magurudumu ya mbele na ya nyuma yasipolingana bolti, gari litabeba tairi mbili za akiba, au dereva atakaa njiani akingoja lori.

Uwiano wa difu ni jambo ambalo halina huruma. Mbele na nyuma lazima uwe mmoja. Difu yenye meno 41 kwa 10 ni 4.1, yenye meno 41 kwa 9 ni 4.56. Ukitia moja mbele na nyingine nyuma, magurudumu yakizunguka mara 100, shafti moja itataka kuzunguka mara 410 na nyingine mara 456, nazo zimefungwa pamoja katika giaboksi ndogo. Kitu kitavunjika. Asiyetaka kufungua difu afanye hivi: gurudumu moja lishikwe lisizunguke, la pili lizungushwe mara 2 kamili, huku mwenzake akihesabu mizunguko ya pinioni. Ikizunguka mara 4 na kidogo tu, ni 4.1, ikipita 4 na nusu, ni ile nyingine. Hesabu hiyo yachukua dakika mbili, na tumeona magari yaliyofungwa mpaka mwisho bila mtu kuifanya.

Tena tairi kubwa hula uwiano. Gari lililotoka kiwandani na tairi ya inchi 29, likavalishwa ya inchi 33, difu yake ya 4.1 hufanya kazi kama 3.6. Injini huchoka, klachi huungua, na mwenye gari husema makanika ameharibu injini.

Tutazame pia difu ya mbele imekaa upande gani, kulia au kushoto, na shafti yatoka upande gani wa giaboksi ndogo. Zikiwa pande mbalimbali, tuiache ekseli hiyo hata ikiwa ya bure.

Kama kazi ni ya nyuma pia, tupendelee ekseli ambayo hafushafti yake haibebi uzito wa gari, kama zile za Land Rover na Land Cruiser za kazi nzito. Hafushafti hiyo ikikatika, gurudumu hubaki mahali pake na dereva husimama. Katika zile nyepesi, kama ya Hilux, gurudumu limefungwa kwenye hafushafti yenyewe. Ikikatika nje ya beringi, gurudumu huondoka pamoja na ngoma ya breki.

Sasa springi. Hapa magereji yetu yamegawanyika kama timu za mpira. Wako wa springi za mabamba na wako wa koili. Sisi twasema wazi kwamba kwa kazi nyingi zinazoletwa Eastlands, mabamba ndiyo yafaayo. Si kwa kuwa ni bora katika kila jambo. Koili ni laini zaidi na huiachia ekseli kuinama mbali zaidi. Range Rover ilionyesha hivyo tangu mwaka 1970, na Land Rover yenyewe ikafuata mwaka 1983. Lakini koili kazi yake ni kubeba tu. Haiwezi kuizuia ekseli isiende mbele, nyuma au kando. Yataka mikono miwili mirefu, na fimbo ya kukingama kutoka chesesi hadi ekseli, na kila kimoja chataka mabano yaliyochomelewa mahali pake kwa kipimo cha milimita. Springi ya mabamba hubeba na kushika yenyewe. Bolti chache, shakeli mbili, kazi imekwisha. Bamba likivunjika Maralal, fundi wa Maralal atalipata jingine.

Anayetaka koili kwa lazima, basi anunue ekseli pamoja na mabano yake yote yaliyokatwa kutoka chesesi ya gari lile lile, na ile fimbo ya kukingama, na fimbo ya usukani. Fimbo hizi mbili zilale sambamba, na urefu wake ukaribiane. Zisipolingana, gari likizama katika shimo usukani hujikata wenyewe bila dereva kuugusa.

Nguvu ya springi tusikisie kwa macho. Gari lipelekwe mizani, tangi likiwa limejaa, tupime mbele peke yake. Tuseme ni kilo 1,100. Toa uzito usiobebwa na springi, yaani ekseli, magurudumu na breki. Tuseme kilo 250. Zabaki 850, kila springi kilo 425. Springi inayoshuka sentimita 1 kwa kila kilo 35 itashuka sentimita 12 na kidogo. Springi ngumu zaidi, ya kilo 50 kwa sentimita, itashuka 8 na nusu tu. Kwa hiyo mtu anayechukua springi za mbele za gari lenye injini nzito ya dizeli ya mitungi 6, akazitia chini ya injini ndogo ya mitungi 4, hupata gari lililoinuka juu na kurukaruka kama mkokoteni. Naye husifiwa na vijana wa mtaa kwa kuwa gari limesimama juu!

Kuhusu kuinua, inchi 2 zatosha karibu kila mtu. Yale magari ya Rhino Charge, mashindano yaliyoanza mwaka 1989 kwa kuchangia uzio wa msitu wa Aberdare, hutafuta vituo 13 kwa saa 10 kwa njia fupi kabisa, hata juu ya majabali. Lakini hayo ni magari ya siku moja, yenye vyuma vya kukinga paa na watu waliofungwa mikanda minne minne. Gari la mteja wetu litabeba watoto kwenda shule siku ya Jumatatu.

Tena kuinua kwaharibu mlalo wa kingipini. Tazameni baisikeli: ile foko ya mbele haikusimama wima, imelala, na kwa sababu hiyo waweza kuachilia mikono na baisikeli ikaenda moja kwa moja. Kingipini ya gari nayo yalala nyuma kidogo, kama digri 3 katika Land Rover. Katika gari la koili, ukiinua, ile mikono mirefu huinamisha ekseli mbele na mlalo huo hupotea. Gari huzurura barabarani, usukani haurudi wenyewe, na kwa mwendo fulani magurudumu hutetemeka kwa nguvu hata dereva hawezi kulishika gari. Ukitaka kuurudisha mlalo kwa kuizungusha ekseli nyuma, pua ya difu huelekea chini, na jointi za shafti hukunjika kupita kiasi. Ukiponya huku waumiza kule. Dawa ya kweli ni kukata yale matufe ya mwisho wa ekseli na kuyazungusha, na kazi hiyo ni ya mtu mwenye vifaa vya kushikilia vipimo na anayejua kuchomelea chuma kinene kilichopashwa moto kwanza. Wa namna hiyo hawazidi vidole katika gereji zetu. Basi dawa iliyo rahisi ni kutoinua sana.

Yubolti ziwe mpya kila mara, na zikazwe tena gari likiwa limesimama kwa uzito wake, halafu tena baada ya siku chache za kazi. Paipu za breki za mpira zipimwe ekseli ikiwa imening'inia na usukani umekatwa mpaka mwisho. Kabla ya kufunga springi zote, ekseli ipandishwe na kushushwa kwa jeki mpaka mwisho wa safari yake, tuone kitu gani kinagusa kitu gani; na ule mpira wa kuzuia uguse kabla shokabsoba haijafika mwisho.

Na sasa usukani, ndugu zetu, ambao ndio uliotufanya tukubali kusema leo. Magari mengi ya magurudumu huru, kama Prado zilizotoka mwaka 1996 na kuendelea, yana usukani wa reki, nao hauwezi kuongoza ekseli nzima. Yatakiwa boksi ya usukani ifungwe kwenye chesesi, na chesesi iimarishwe hapo kwa bamba na bomba zilizopita ndani, maana ni nyembamba na hupasuka. Halafu yatakiwa fimbo ndefu kutoka boksi hadi gurudumu. Fimbo hiyo mara nyingi haifiki. Ndipo mtu huikata katikati na kuiunganisha kwa kuchomelea.

Iko gereji moja, jina lake hatulitaji, ambayo ilifanya hivyo. Fimbo ilikatika katika mteremko wa kwenda Bonde la Ufa. Dereva alivunjika mguu. Mwenye gereji alisema hajui kazi ilivyofanywa. Kijana aliyechomelea, kibarua wa siku, ambaye aliambiwa tu “unganisha hii”, ndiye aliyelala kituo cha polisi siku mbili, na kazi yake ikaota nyasi. Hakuichagua fimbo ile, wala ekseli, wala bei iliyofanya fimbo mpya ikosekane. Mashine za kuchonga ziko Kariobangi, hatua chache kutoka hapo; fimbo ya chuma kimoja, yenye nyuzi zilizokatwa kwa mashine, ingetengenezwa kwa siku moja.

Kwa hiyo halmashauri yapendekeza mambo yafuatayo kwa gereji zote zenye wanachama. Fimbo ya usukani haichomelewi, hata tajiri akisema, hata mteja akisimama hapo na mabunda. Mwanachama atakayeambiwa afanye hivyo akakataa, tawi litasimama naye. Pili, kabla ya kukata chuma chochote, iandikwe karatasi: ekseli imetoka gari la namna gani, uwiano wake, springi za nguvu gani, fimbo imetengenezwa na nani, na nani aliyeamua. Mwenye gari atie sahihi, tajiri atie sahihi, na makanika abaki na nakala. Mteja aelezwe pia kwamba gari lililobadilishwa hivi sharti lipelekwe ukaguzi na mabadiliko yaandikishwe. Likoni Road si mbali na kwetu, na heri mkaguzi aikute ila kuliko ipatikane barabarani.

Na jambo la tatu ni la miili yetu. Ekseli hizi ni nzito na zatolewa juani, mara nyingi juu ya mawe ya kujengea, na jeki moja ya kuazima. Jiwe la kujengea hupasuka bila kutoa ishara. Stendi nne za chuma gereji yaweza kununua kwa faida ya kazi moja tu kama hii. Sheria ya Usalama na Afya Kazini na ile ya Fidia ya Majeraha Kazini, zote mbili za mwaka 2007, zamhusu tajiri wa gereji ndogo sawasawa na wa kiwanda kikubwa. Mwulizeni kwa adabu kama ana bima ya wafanyakazi wake, na jibu lake mlilete kwa katibu wa tawi.

Mfano wa karatasi tuliyoitaja utapigwa chapa nyuma ya toleo lijalo. Kila gereji itapewa nakala 10, na zikiisha, katibu atatoa nyingine bila malipo.